Kukimbia Doha: namna ya kutafuta njia yako, kuanzia getini

Agosti yangu ya kwanza Doha, mji mkuu wa Qatar, nilitoka kambini, yaani nyumba ya kampuni tunamolala wafanyakazi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua limeshazama, raba nimezikaza vizuri, na moyoni najiambia kilomita tano ni mchezo kwa mtu aliyekulia Morogoro akikimbia chini ya milima ya Uluguru. Nilifika mita mia nane hivi kutoka getini nikakaa ukingoni mwa barabara. Fulana imelowa kama nimetoka kuogelea, miwani imeingia ukungu, moyo unagonga mpaka masikioni. Mlinzi wa ghala la jirani, Mkenya wa Bungoma, alinitazama kitambo.

"Wewe umekuja lini?"

"Wiki iliyopita."

Akacheka, akanipa maji. "Hapa hatukimbiangi saa hii, ndugu yangu. Kuja saa kumi asubuhi nikuonyeshe."

Mengi yaliyomo humu alinionyesha yeye. Mengine niliyaokota mwenyewe, baadhi kwa maumivu. Nawaandikia hasa wale wanaokwenda Ghuba kwa mkataba: unalala nyumba ya kampuni, gari huna, siku ya mapumziko ni Ijumaa tu, na mwili unataka kukimbia. Mfano wangu ni Doha kwa sababu ndiko ninakokujua kwa miguu.

Hatua ya kwanza: tafuta saa, mahali patafuata

Nyumbani mtu huuliza, "Unakimbilia wapi?" Doha swali la kwanza ni "saa ngapi?" Njia ileile inayokufurahisha Januari inaweza kukulaza hospitali Julai.

Saa ya Doha na ya Dar, Nairobi au Kampala ni moja, na hilo linakudanganya. Ukiona saa kumi na mbili asubuhi akili inasema kunapambazuka. Juni jua la Doha huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo hiyo saa kumi na mbili yako tayari ni ya kuunguza. Desemba mambo hugeuka: jua huchelewa mpaka saa kumi na mbili imepita, na jioni giza linaingia mapema kabisa.

Mwaka nimeugawa hivi. Kuanzia Novemba mpaka Machi kimbia saa utakayo, hata mchana wa Januari ni raha tupu. Aprili, Mei na Oktoba ni alfajiri au usiku. Juni mpaka Septemba ni alfajiri peke yake, tena kifupi, au ndani ya kiyoyozi. Na ndani ya hiyo miezi minne kuna tofauti ambayo wageni hawaambiwi. Juni na Julai huvuma shamal, upepo mkavu wa kaskazini wenye vumbi, unaokausha koo lakini unakausha na jasho. Agosti na Septemba upepo hutulia, unyevu wa bahari unapanda, jasho linatoka na halikauki. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndicho kilichonikalisha chini jioni ile: jua halikuwepo, ila hewa ilikuwa imebeba maji.

Kama unataka kipimo cha serikali, kipo. Sheria ya Qatar inazuia kazi za nje juani kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Zaidi ya hapo, kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo. Kikipita nyuzi 32.1, kazi inatakiwa isimame saa yoyote ile. Mjenzi anayelipwa amezuiwa, wewe unayekimbia bure unatafuta nini?

Na usijidanganye kwamba usiku umeshinda kila kitu. Mashindano ya dunia ya riadha ya 2019 yalifanyika Doha, na marathoni ya wanawake ilianzishwa dakika moja kabla ya usiku wa manane, tarehe 27 Septemba, pale Corniche, ukanda wa kando ya bahari. Joto lilikuwa karibu nyuzi 32 na unyevu mwingi. Walianza 68, wakaacha njiani 28. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa polepole sana kwa mtu wa kiwango chake. Hao walikuwa na madaktari, barafu na maji kila kona.

Kwa hiyo kabla hujafungua ramani, andika ratiba yako ya zamu kwenye karatasi. Zungushia saa ambazo uko huru, umelala vya kutosha, na hewa inaruhusu. Nilipofanya hivyo nilibakiwa na nafasi tatu kwa wiki: Jumapili na Jumatano saa kumi alfajiri, na Ijumaa. Njia nilizitafuta kwa ajili ya nafasi hizo tatu, basi.

Hatua ya pili: pata mzunguko wa getini

Kosa la kila mgeni ni kuanza na mahali pazuri pa kupiga picha. Ataambiwa Corniche, ataenda Ijumaa moja, atafurahi, atarusha picha nyumbani. Jumapili anatoka zamu ya saa kumi na mbili, Corniche iko treni mbili mbali, analala. Mwezi ukiisha amekimbia mara nne. Njia unayohitaji kwanza ni ile unayoweza kuikimbia umechoka, bila nauli, bila kufikiri. Uzuri wake si hoja.

Fungua ramani ya simu, uweke picha ya satelaiti, uangalie nusu kilomita kila upande wa unapolala. Tafuta ukuta mrefu: shule, ghala, uwanja, msikiti mkubwa, kambi nyingine. Kitu chochote chenye ukuta na barabara kuzunguka pande zote nne ni uwanja wako wa mazoezi, kwa sababu unaweza kukizunguka bila kuvuka barabara hata mara moja. Kuvuka barabara ndiko kunakoua watu, hasa alfajiri, dereva akiwa na usingizi na mkimbiaji akiwa na fulana nyeusi.

Kisha nenda ukatembee. Usikimbie siku ya kwanza. Tembea mchana wa siku ya baridi uone mashimo, halafu tembea tena saa ileile utakayokimbia, maana taa zinazowaka saa mbili usiku si lazima ziwe zinawaka saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa naangalia mambo machache tu: malori yanaingilia geti gani na saa ngapi, pevingi imeinuka wapi, mbwa wanalala wapi, na maji yapo wapi. Hili la mwisho Ghuba imetuzidi. Nje ya misikiti mingi, na hata nje ya kuta za nyumba za watu, kuna mashine ya maji baridi ya bure. Ni maji ya sabili, ametoa mtu kwa thawabu. Panga mzunguko wako upite hapo, unywe kwa adabu, usioshee uso kwenye bomba la kunywea.

Sasa jambo dogo lenye uzito. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea magari yanayoshika kushoto. Qatar wanashika kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi. Shingo yako imezoea kuangalia kulia kwanza, na kwa Doha hatari ya kwanza inatoka kushoto. Mwezi wa mwanzo sema kwa sauti kila ukivuka: kushoto, kulia, kushoto. Kama hakuna njia ya miguu, kimbia ukingo wa kushoto wa barabara ili magari ya upande wako yaje usoni, uyaone. Na kipilefti cha Doha si kipilefti, ni "kipiraiti": magari yanazunguka kinyume na ulivyozoea, na wengi hutoka bila kuwasha taa ya kuashiria. Mimi hupita mbali kabisa na vipilefti.

Ukishaupata mzunguko, upime mara tatu kwa simu kisha uchukue wastani, maana simu kati ya kuta ndefu hudanganya. Wangu umetoka mita 1,350. Mizunguko minne ni kilomita tano na ushei. Nimeuzunguka mara ambazo sizijui. Unachosha kuutazama, lakini nikiumwa nyonga mzunguko wa pili, kitanda changu hakijawahi kuwa mbali zaidi ya mita mia saba.

Hatua ya tatu: pata pa Ijumaa

Hapa ndipo raha ilipo, na hapa sitafanya haraka.

Corniche kwanza, maana hata mimi sijaacha kuipenda. Ni ukanda wa karibu kilomita saba unaoikumbatia ghuba, upande mmoja jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu, upande mwingine hoteli ya Sheraton yenye umbo la piramidi. Uzuri wake kwa mkimbiaji ni kwamba upande wa bahari hukutani na makutano ya barabara. Kwenda na kurudi ni kilomita kumi na nne bila kusimama. Ile marathoni ya 2019 waliifanya kwa mizunguko ya kilomita saba hapohapo, kwa hiyo ukiwa umechoka unaweza kujipa moyo kwamba mabingwa wa dunia walichoka kwenye lami iliyo jirani yako. Upande wa makumbusho kuna majahazi yamefunga gati, ya mbao, ya kweli. Mtu wa pwani akiyaona hupunguza mwendo kidogo.

Ubaya wake: kivuli hakuna. Ijumaa ya Mei ukichelewa kuanza, saa moja na nusu asubuhi unakuwa kama samaki kwenye kikaango. Ubaya wa pili ni sakafu ngumu. Kilomita kumi na nne za mawe na zege kila wiki zilinipa maumivu ya ugoko yaliyodumu wiki sita. Na Ijumaa jioni wakati wa baridi watu hujaa, familia, baiskeli za watoto, mabaluni. Ukikimbia ni kukwepa tu. Corniche ni ya alfajiri.

Ukitaka kuuongezea ukanda huo, upande wa makumbusho kuna bustani iliyojitokeza baharini, na mwisho wake umesimama mnara wa vyuma wa mchongaji Richard Serra, unaitwa "7", una urefu wa mita 24. Ni alama nzuri ya kugeuzia. Ng'ambo ya barabara kuu ya Corniche kuna Al Bidda Park, yenye nyasi, vilima vidogo na miti. Napenda kuanzia Al Bidda nipashe mwili polepole, nivuke kwa njia rasmi, nimalizie baharini. Kituo cha treni cha Al Bidda ndiko njia za treni zinakokutana, hivyo hata ukitoka mbali unafika.

Kwa vilima, kwa mtu aliyekulia milimani, Doha ni msiba. Nchi ni bapa kama chapati. Mwinuko wa kweli niliokuwa nautumia ni ule wa Katara, kijiji cha utamaduni kando ya bahari, na vijilima vya bustani, unapanda unashuka mara kumi, walinzi wanakuona mwehu. Madaraja ya waenda kwa miguu pia hufaa, ngazi zake ni mazoezi ya paja ya bure.

Aspire Park, karibu na uwanja wa Khalifa, ndiyo ninayompeleka mtu mgeni. Ina nyasi kubwa, ziwa, miti iliyokua ikawa miti, na njia zinazojizungusha kiasi kwamba huchoki kuziangalia. Shuka kituo cha Sport City, njia ya dhahabu. Ule mnara mrefu wenye umbo la mwenge utauona kutoka mbali, hivyo hupotei. Kama magoti yako yanalalamika, hapa au kwenye bustani nyingine zenye njia laini ndipo pa kukimbia mbio ndefu, na Corniche uiache iwe ya mara moja kwa mwezi.

Oxygen Park iko Education City, katikati ya vyuo. Imejengwa kwa ajili ya kukimbia na kutembea, ina sehemu zilizochimbwa chini zenye kivuli, na usiku ina taa nzuri. Wanafunzi wengi, kelele kidogo. Dada mmoja Mganda tuliyekuwa tukikutana naye huko alisema ndipo mahali pekee Doha ambapo hakuna mtu aliyegeuka kumtazama akikimbia.

Halafu kuna viwanja vya Kombe la Dunia la 2022. Watu wanasahau kwamba kuzunguka viwanja vile vingi waliacha njia pana za miguu na bustani. Ukiishi karibu na kimojawapo, una bahati. Ninachokipenda zaidi ni Al Thumama, kwa sababu ya sura tu: kimechorwa kwa mfano wa kofia ya kiarabu, ile ya kushonwa kwa matundu. Mara ya kwanza nilipokiona nilimpigia mama simu nikamwambia kuna watu wamejenga kofia ya kiua ya watu elfu arobaini.

Usafiri: treni ya Doha ilianza 2019, safari moja ni riyal 2 kwa daraja la kawaida, na ukisafiri siku nzima hulipi zaidi ya riyal 6. Mabasi madogo yanayokupeleka kituoni, Metrolink, ni bure. Ila Ijumaa treni huanza kwa kuchelewa, na wakati wa kiangazi jua linachomoza kabla hujapata treni. Angalia ratiba Alhamisi usiku. Kama hamna usafiri wa alfajiri, changeni teksi watu wanne. Ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya nne: kuwa na pa Agosti

Doha kuna njia za kukimbilia za nje zenye kiyoyozi. Nilipoambiwa nilidhani ni utani wa kambini. Al Gharrafa Park ina njia ya mita 657 inayopulizwa hewa baridi, na Umm Al Seneem Park ina ya mita 1,143. Unakimbia chini ya paa la majani na vyuma, hewa inatoka pembeni, huku nje watu wanayeyuka. Si baridi ya friji. Ni kama alfajiri ya Aprili, na mwezi wa Agosti hiyo ni zawadi. Mara tano Umm Al Seneem ni kilomita tano na mita mia saba.

Kuna msongamano. Kina mama wanatembea, wazee wanatembea, watoto wanateleza. Shika upande mmoja, usipige kelele za "pisha". Ukitaka kukimbia kasi, nenda usiku sana. Mimi Agosti huwa sitafuti kasi. Natafuta kutopoteza nilichojenga tangu Novemba.

Kama huwezi kufika huko, mashine ya kukimbilia kwenye chumba cha mazoezi inatosha, hata kama inachosha akili. Au pumzika. Wiki sita za kutembea tu hazijamuua mtu.

Hatua ya tano: geti na adabu

Ijumaa moja nilifika kwenye bustani fulani nikiwa na rafiki zangu wawili. Mlinzi akatusimamisha: leo siku ya familia. Hatukuwa familia, tulikuwa wanaume watatu wenye bukta. Nyuma yetu wakaingia Wazungu wawili, nao bukta, nao bila mke wala mtoto. Sitasema ni bustani gani. Niliumia, nikarudi nikazunguka ukuta wangu wa mita 1,350 kwa hasira mizunguko saba.

Nilichojifunza: uliza siku na saa za familia au za wanawake mapema, tena muulize mlinzi mwenyewe siku ya kazi, kwa upole. Walinzi wengi Doha ni Wakenya na Waganda. "Habari za kazi, kaka?" ya Kiswahili getini imenifungulia taarifa nyingi kuliko ramani: bomba gani limeharibika, njia gani imefungwa kwa ukarabati, saa gani bustani huwa tupu.

Mavazi: bukta inayofika magotini na fulana yenye mikono vinakupitisha kila mahali. Kukimbia kifua wazi usifanye, hata Corniche, hata saa kumi alfajiri. Kwa dada zetu, suruali ndefu nyepesi na fulana pana hukupunguzia macho na maneno. Wengi pia hukimbia na hijabu ya michezo. Kimbieni wawili wawili panapowezekana, na bustani zenye familia ni salama kuliko barabara za viwandani. Beba kitambulisho cha ukaazi daima. Usipige picha za wanawake, askari, wala majengo ya serikali, na Corniche majengo hayo yapo, hivyo simu ibaki mfukoni sehemu hizo.

Ramadhani ratiba yote inageuka. Mchana huli wala hunywi hadharani, uwe Mwislamu usiwe. Waliofunga hupenda kukimbia taratibu nusu saa kabla ya magharibi ili wafike tende zikiwa mezani, au baada ya tarawehe. Mimi nachagua baada ya tarawehe. Jiji linakuwa macho, taa zote zinawaka, na wazee wamekaa nje wanakunywa kahawa. Ukipita unapewa salamu na wakati mwingine kikombe.

Hatua ya sita: mwili uzoee kabla hujaudai

Mwili huchukua wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, na hauzoei ukiwa umelala kwenye kiyoyozi. Wiki ya kwanza tembea dakika ishirini nje. Ya pili changanya, kimbia dakika mbili tembea mbili. Saa yako ya mkononi isahau kabisa. Mwendo wa Morogoro uliuacha Morogoro. Kimbia kwa pumzi: kama huwezi kuongea sentensi nzima, umezidisha.

Maji kunywa kidogo kidogo tangu mchana, na ukikimbia zaidi ya saa moja weka na chumvi, kwa sababu jasho la Doha linaacha ramani nyeupe kwenye fulana. Lita mbili za maji matupu kwa mkupuo ni hatari nyingine.

Dalili za kusimama papo hapo: kichwa kizito, kichefuchefu, baridi ya ajabu mwilini wakati kuna joto, miguu kuyumba. Mwenzako akianza kuongea yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Mvute kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpigie 999. Usimwache "apumzike kidogo" peke yake.

Hatua ya saba: tafuta watu

Peke yako utaacha kufikia Juni. Kambini kwetu tulianza wawili, mimi na yule mlinzi wa Bungoma. Sasa tuko kumi na mmoja: Watanzania, Wakenya, Waganda wawili, Mrundi mmoja asiyechoka, na Mnepali aliyejifunza kuitikia mchakamchaka kuliko sisi. Alfajiri ya tarehe 15 Septemba 2025, siku ileile marufuku ya kazi za juani inapokwisha, tulikaa macho kutazama kwenye simu moja Alphonce Simbu akishinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa haijafika saa kumi. Hakuna aliyelala tena. Tulitoka wote na ndala za waliokosa raba.

Kama kambini hamna mwenzako, siku ya kuwapata ni Jumanne ya pili ya Februari. Ni siku ya michezo ya taifa, mapumziko kwa nchi nzima tangu 2012, na bustani zote zina makundi ya kukimbia yanayopokea mtu yeyote. Januari kuna marathoni ya Doha yenye mbio fupi pia. Jiandikishe mapema, na muombe msimamizi ruhusa kwa maandishi kabla hujalipa.

Ukihamishiwa mji mwingine wa Ghuba, hatua ni zilezile. Dubai utapata njia ya mpira ya kilomita 14 kando ya ufuko wa Jumeirah. Muscat ina kile Doha ilichonyimwa, yaani milima, na pale Matrah kando ya bahari ukiuliza njia kwa Kiswahili usishangae mzee wa kanzu akikujibu kwa Kiunguja safi kuliko chako.

Yule wa Bungoma alimaliza mkataba, akarudi kwao. Kabla hajaondoka tuliandika mzunguko wetu kwenye boksi la mchele, tukaubandika nyuma ya mlango wa chumba namba saba, kwa ajili ya watakaokuja na ndege za Agosti:

Geti, kushoto. Ukuta usitoke mkono wa kushoto mpaka unarudi. Malori geti la pili, simama usikilize. Mbwa wawili kwenye kona ya shule, hawang'ati. Maji msikitini. Taa ya nne imekufa, shimo liko chini yake. Mita 1,350. Saa kumi, si saa kumi na moja.